Nyumba za mitini: mnauliza, Dada Msafiri anajibu

Toleo lililopita tuliwaambia mtutumie maswali yenu ya kulala kwenye nyumba za mitini huko mbugani, na aisee mmetuma, nusu yenu mnauliza tembo na nusu iliyobaki mnauliza choo. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. Barua nyingine nimezipunguza maana kuna mtu kaandika mpaka historia nzima ya uchumba wake, mdogo wangu nakupenda ila ukurasa una mwisho.

Dada Msafiri mambo. Mi nafunga ndoa mwezi wa tisa na mchumba wangu kashikilia fungate tukalale Tarangire kwenye zile hoteli za juu ya mti, kaona video mtandaoni basi haambiliki. Mi naogopa. Nyoka si ndo wanaishi mitini? Chui je? Na tembo akiamua kuusukuma huo mti tukiwa ndani? Halafu usiku nikibanwa nashukaje? Nijibu kabla hatujalipa. — Bibi harusi mwoga, Mwanza

Poa mdogo wangu, na hongera sana. Tuanze na choo maana najua hilo ndo linakunyima usingizi kuliko chui. Choo kiko humo humo ndani, juu, cha kuflashi, na bafu lake na maji ya moto. Hushuki. Tena hata ukitaka kushuka hawakuruhusu, kambi zote zisizo na uzio zina utaratibu mmoja, jua likishazama hutembei peke yako hata hatua kumi, kuna askari anakuja na tochi anakutoa chumbani kwenda kula na anakurudisha, na ukishafungiwa ndo mpaka asubuhi. Chumbani wanakuachia redio koli au filimbi au honi ya kuitia msaada, inategemea kambi. Ukifika muulize anayekupokea akuonyeshe inavyotumika, usisubiri saa nane usiku ndo uanze kutafuta swichi.

Sasa tembo. Watu wengi wanadhani hizi nyumba zimening'inizwa kwenye matawi, hapana. Nyingi ya hizi za kisasa zimesimama kwenye nguzo zilizochimbiwa chini na kujengewa, mti unapita katikati au pembeni ya sakafu, wenyewe haujabeba mzigo. Hoteli ambayo bila shaka mchumba wako ameiona ni Tarangire Treetops, ina vyumba 20 vimezungushiwa mibuyu na ming'ongo, na haiko ndani ya hifadhi yenyewe, iko pembeni kwenye eneo la wanyamapori la jamii linaitwa Randilen, upande wa Monduli. Tembo wanapita chini, ndio, na wanapita sana. Ng'ongo zikiiva wanakuja kuziokota hapo hapo chini ya sakafu yako. Wakati mwingine anajikuna kwenye nguzo na utasikia mbao zinalia kidogo na glasi inacheza mezani. Akimaliza kujikuna anaondoka. (Na ile habari ya tembo kulewa ng'ongo muache shemeji aisimulie tu, wanasayansi walishapiga hesabu wakaona tembo kwa ukubwa ule angehitaji kula nyingi kupita kawaida yake ndo zimlevye.)

Nyoka wapo, porini ni porini siwezi kukudanganya, ila nyoka hana shida na wewe, hapendi kelele za miguu kwenye mbao, na kila jioni mhudumu anapoingia kufunga mapazia na kushusha chandarua anakagua chumba. Chui kupanda anaweza, hilo nalo tusifichane, ndo maana mlango unafungwa na ngazi nyingine zina geti. Wasumbufu wa kweli mchana ni nyani na tumbili. We acha biskuti kwenye begi, acha dawa ya meno nje, acha hata lipstiki, utarudi ukute kikao. Nyani anafungua zipu vizuri tu kuliko mtoto wa darasa la kwanza na akishajua chumba namba fulani kuna ndizi atarudi kila siku na wageni watakaofuata ndo wataumia. Chakula chote kabidhi mapokezi.

Mwezi wa tisa umechagua vizuri kweli. Tarangire kuanzia wa sita mpaka wa kumi ni kiangazi, maji yanabaki mtoni tu, basi tembo wa eneo lote lile wanashuka kwenye mto Tarangire, utaona makundi mpaka uchoke. Mtaona pia mibuyu imechunwa magome mpaka imeingia ndani, ni tembo hao hao wanatafuna ule mti kwa ajili ya unyevu. Ila kiangazi ndo bei ya juu, hilo muwe mmelijua.

Na ushauri wangu mkubwa kwako, na ntaurudia huko chini kwa wengine maana watu hawasikii: hapo unalipia usiku. Mchana game draivu, kuzunguka na gari kuangalia wanyama, ni ile ile anayoenda mtu aliyelala hema la kawaida nje ya geti kwa robo ya bei. Kinachokufanya utoe hela yote hiyo ni kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka alfajiri, ukiwa juu, taa umezima, unasikia nani kapita chini. Nimekaa mapokezi kwenye kambi za kaskazini miaka, nimeona maharusi wanafika saa mbili usiku kwa sababu walisimama njiani kupiga picha, wanakula, wanakunywa, wanalala fofofo, saa kumi na mbili asubuhi wameshaondoka kuwahi Ngorongoro. Kitanda cha mbugani kimelaliwa kama cha gesti ya stendi. Mkiweza lipieni usiku mbili sehemu moja, Ngorongoro haiendi popote. Na muwe mmeshaingia chumbani kabla jua halijazama.

Shikamoo haitanihusu maana mimi ni mtu mzima, mwalimu mstaafu. Tulifundisha watoto kwamba Malkia Elizabeth wa Uingereza alipanda juu ya mti huko Kenya akiwa binti wa mfalme akashuka akiwa malkia. Je ni kweli au ni hadithi za wakoloni? Na je, huo mti upo hadi leo, ningependa kuuona kabla sijaondoka duniani. Magoti yangu hayapendi ngazi. — Mwalimu mstaafu, Moshi

Shikamoo mwalimu, na utaniwia radhi nitaitoa tu.

Ni kweli, ila imepambwa kidogo. Hoteli inaitwa Treetops, iko msitu wa Aberdare karibu na Nyeri. Mwaka 1932 Eric Sherbrooke Walker na mkewe Bettie walijenga kijumba juu ya mti wa mugumo, mti ambao kwa Wakikuyu ni wa ibada, sasa jiulize mwenyewe nani aliombwa ruhusa. Kilikuwa kidogo sana. Wageni waliteremshwa kwenye gari mbali wakatembea kwa miguu msituni na mtu mwenye bunduki, na njiani kulikuwa na ngazi zimepigiliwa kwenye miti ili faru au tembo akitokea kila mtu akwee ya karibu. Halafu watu wanalalamika leo kwamba waifai iko taratibu.

Tarehe 5 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth, miaka 25, akiwa na mumewe Philip, alilala pale akiangalia wanyama kwenye dimbwi. Usiku ule ule baba yake, Mfalme George wa Sita, akafariki usingizini huko Sandringham, Uingereza. Kwa hiyo kisheria ndiyo, alishuka akiwa malkia. Ila hakujua. Alishuka asubuhi akarudi zake Sagana, nyumba waliyokuwa wamefikia, na habari ilimfikia hapo mchana, Philip ndiye aliyempa. Nyumba ile ya Sagana sasa ni ikulu ndogo ya rais wa Kenya. Wanaosema alipewa taarifa juu ya mti wanakoleza, mwalimu, ungewanyima maksi.

Mti wenyewe pole, haupo. Mwaka 1954, tarehe 27 Mei, wapiganaji wa Mau Mau walikichoma kile kijumba chote. Msitu wa Aberdare ndo ulikuwa maskani yao, kiongozi wao Dedan Kimathi alikamatwa upande huo huo wa Nyeri Oktoba 1956, na hoteli ambayo malkia alilala, iliyokuwa inalindwa na askari wa kikoloni, haikuwa kitu cha kuachwa. Mwaka 1957 ikajengwa upya upande wa pili wa dimbwi, kubwa zaidi, ya kusimama kwenye nguzo, ikaendelea kuongezwa vyumba miaka na miaka. Malkia mwenyewe alirudi kuiona 1983. Korona ilipoingia ikafunga milango 2021, kwa hiyo kabla hujakata tiketi piga kwanza simu uulize kama wanapokea wageni na kama wanaruhusu mtu kufika tu kuangalia.

Kwa magoti yako mi ningekupeleka jirani yake, The Ark, humo humo Aberdare. Imejengwa kama safina ya Nuhu, hata sakafu wanaziita deki. Unaiingia kwa daraja refu la mbao linalopita usawa wa matawi, halina mpando mkali. Hairuhusiwi kwenda na gari lako mpaka mlangoni, unafikia klabu yao huko Mweiga, unakula mchana, begi kubwa unaliacha pale, mnapandishwa wote kwa basi mchana ule na kakifurushi ka usiku mmoja. Beba sweta zito, uko juu ya mita 2,000 na baridi ya pale nyinyi watu wa Moshi mnaielewa.

Jioni kuna dimbwi na udongo wa chumvi mbele ya hoteli, unamulikwa taa usiku kucha, wanyama wanakuja wenyewe. Nyati, tembo, fisi, nguruwe wa msituni wale weusi wakubwa, na ukiwa na bahati ya mtende utamuona bongo, yule swala mkubwa wa msituni, ambaye watu wanaishi hapo Kenya hawajawahi kumuona. Chini kabisa kuna kichumba cha mawe chenye matundu, unakaa pale usawa wa ardhi na nyati anapumua pale mbele yako, unauona mvuke unamtoka puani, unasikia meno yanavyosaga. Na chumbani kuna kengele. Akija mnyama wa maana usiku mtu wa zamu anabonyeza, idadi ya milio inakwambia ni nani amekuja, unajifunga blanketi unatoka kuangalia. Ina swichi ya kuzima. Usiizime mwalimu, nakuomba, wanaoizima ndo wale wale niliowasema kwa bibi harusi.

Utasikia pia perere usiku, lakini Kilimanjaro si mnao, unajua anavyoanza taratibu na mlio wa bawaba ya mlango yenye kutu halafu anamalizia kwa kelele za mtu anayenyongwa. Wageni wanapiga redio kuomba polisi. Kumbe ni kadudu ka kilo mbili tatu kako kwenye tawi kanamtangazia jirani mipaka.

Safari yenyewe kutoka Moshi unapitia Holili na Taveta au Namanga mpaka Nairobi, kisha Nyeri ni kama kilomita 150 za lami. Pasipoti au hati ya dharura ya safari, na kadi ya homa ya manjano usiiache kabatini. Na kwa kuwa umefika Nyeri, kaburi la Baden-Powell, yule mwanzilishi wa skauti, liko pale mjini, alifariki 1941. Kama ulikuwa mwalimu wa skauti, na wengi wenu mlikuwa, pitia.

Dada vipi. Nina watoto watatu, miaka 4, 7 na 11. Mshahara wa serikali. Kuna namna yoyote familia kama yetu ikalala juu ya mti mbugani au hii ni mambo ya wazungu tu? Nijibu bila kunificha. — Baba Watatu, Dodoma

Bila kukuficha: hizi za kifahari ni dola, na kwenye sizoni zipo ambazo hata dola 1,000 kwa kichwa kwa usiku mmoja inapita. Ile ya hifadhi ya Ziwa Manyara yenye vyumba 10 kwenye msitu wa kusini iko kwenye kundi hilo. Sitakwambia jinyime miezi sita kwa ajili ya usiku mmoja.

Na wa miaka 4 asingeingia nyingi ya hizi hata ungekuwa na hela. Nyumba iko juu, ina kibaraza, ukingo wake mtoto anapita, na chini kuna simba. Kambi nyingi wanaanza kupokea watoto kuanzia sita au saba, nyingine mpaka kumi na mbili, na hawafanyi mzaha kwenye hilo. Ulizeni kabla ya kulipa, nimeshaona familia imefika getini na mtoto mgongoni na hoteli haimtaki, mama analia, baba anatafuta meneja, meneja amejificha jikoni.

Namna ipo lakini. Nenda Ziwa Manyara. Kutoka Dodoma unakuja na lami ya Babati mpaka Makuyuni unakata kushoto kwenda Mto wa Mbu, mji ambao gesti na kambi za mahema za bei ya binadamu zimejaa. Kiingilio cha hifadhi kwa Mtanzania ni shilingi na ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni, unalipa kwa kontroli namba, cash getini usitegemee. Humo ndani kuna daraja la kutembea juu ya miti, limefunguliwa 2017, lina urefu wa kama mita 370, linaanza chini kidogo kidogo halafu unajikuta uko usawa wa vilele, tumbili wanakuangalia wewe badala ya wewe kuwaangalia wao. Linalipiwa kando na kiingilio. Wa miaka 7 na 11 watakuwa wamepata kilele cha mti, na huyo mdogo muulizie getini kama anaruhusiwa, ikishindikana mmoja wenu abaki naye chini kwenye chemchemi, pale pana nyani wa kutosha kumaliza siku.

Kama lazima iwe kulala juu, subiri mwezi wa nne na wa tano. Masika. Kambi nyingine zinafunga kabisa kwa tope ila zinazobaki wazi zinashusha bei, na wanakuwa na bei ya mzawa ambayo haipo kwenye tovuti yao. Haipo kabisa, usiitafute, piga simu uulize kwa Kiswahili, sema ni Mtanzania, taja idadi ya watoto na miaka yao, uliza kama ni fulbodi, yaani na milo yote, au kitanda tu. Ukiandika imeili kwa Kiingereza cha ofisini watakujibu kwa dola.

Hi Dada Msafiri, naandika kutoka Leicester. Nakuja na mume wangu na wakwe, wakwe ni Waingereza, wanataka treehouse Manyara waone simba wanaopanda miti. Mama mkwe hawezi kuishi bila drai ya nywele na baba mkwe bila intaneti. Itawezekana? — Mkwe mwema

Simba kwanza. Wanapanda kweli, na sio Manyara tu, hata Ishasha kule Uganda wapo, hata Tarangire na Serengeti wanaonekana. Wengine wanasema ni kukwepa nzi, wengine joto, wengine ni kufuata upepo, na we mwenyewe ukimuona kalala tawini miguu inaning'inia hutajali sababu. Ila usiwaahidi wakwe. Waambie msitu, ziwa, ukuta wa Bonde la Ufa, tembo, simba akitokea ni nyongeza. Mkwe aliyeahidiwa simba akakosa atakukumbusha kila Krismasi.

Umeme huko ni wa sola na jenereta, na drai ya nywele inavuta umeme kuliko taa za vyumba vingi kwa pamoja, kambi nyingi wanaikataza chumbani na wana moja mapokezi kwa ajili ya akina mama mkwe. Simu zichajiwe mchana. Intaneti utaikuta sehemu ya kulia chakula, chumbani inakuja inapotea. Bebeni pawabenki na mumwambie baba mkwe kwamba gazeti lake litamsubiri.

Na kama wanapenda hewa zaidi ya mti, Laikipia kule Kenya kuna hifadhi ya Loisaba, wana vitanda vya magurudumu, jioni vinasukumwa nje kwenye jukwaa unalala chini ya nyota na chandarua tu. Au muwapeleke Chole, kakisiwa kadogo pale Mafia kando ya Utende, kuna vyumba vimejengwa kwenye mibuyu katikati ya magofu ya mji wa zamani, simba hakuna kabisa, mnyama wake ni popo wakubwa wale wanaokula matunda wamening'inia mchana kweupe, na kuanzia Oktoba mpaka Februari unaweza kwenda kuogelea na papa potwe. Wakati wa kubuku uliza vyumba vipi viko wazi kwa sasa.

Nivae nini? — Asiyependa maneno mengi, Tabora

Tarangire usivae bluu wala nyeusi, mbung'o anazifuata hizo rangi. Kaki, kijani iliyofifia, kahawia. Suruali ndefu jioni, viatu vya kufunika na soksi, tochi ya kichwani. Marashi acha nyumbani.

Habari dada. Nina shamba karibu na Morogoro, lina mbuyu mmoja mkubwa sana na miembe minne ya babu. Nataka nijenge nyumba ya mtini nipangishe watalii na watu wa Dar wikiendi. Fundi wangu anasema tupigilie misumari ya inchi sita kwenye mbuyu tuweke jukwaa, mbao za mninga zipo. Unaonaje? — Mjasiriamali mtarajiwa

Mwambie fundi ashushe nyundo kwanza.

Mbuyu ni mnene lakini ndani hauna mbao ngumu, ni nyuzi nyuzi na maji, msumari haukai, boliti haikai, ukiweka uzito unachanika na unaanza kuoza kutoka ndani na wewe unaona gome zima tu. Ndo maana nimemwambia bibi harusi pale juu kwamba kwenye mibuyu wanajenga kwenye nguzo. We fanya hivyo hivyo, nguzo za mkaratusi zilizotibiwa dawa au chuma, zichimbiwe mbali na mizizi mikubwa, jukwaa lizunguke shina na uache nafasi ya kutosha pande zote, mkono upite vizuri na zaidi, kwa sababu mti unanenepa kila mwaka na ukiubana utakula sakafu yako. Kamwe usizungushe waya au mnyororo kwenye shina ukaukaza, hapo unaunyonga, chakula chake kinapita chini ya gome.

Miembe ndo inaweza kubeba, ikiwa mizima. Kata tawi moja uangalie kama ndani pana shimo au mchwa. Hapa boliti moja kubwa inashinda misumari thelathini, maana kila tundu ni kidonda, mti unakizungushia ukuta wake, vidonda vikiwa karibu karibu vinaungana na lile eneo lote linakufa na ndo hapo mzigo ulipo. Na kama boriti inatoka mwembe huu kwenda mwembe ule usiikaze pande zote mbili. Upepo ukija kila mti unayumba kivyake, huu unaenda kulia ule unarudi kushoto, boriti iliyokazwa kotekote itapasuka au ing'oe boliti. Upande mmoja kaza, upande wa pili iwe inateleza juu ya kiti cha chuma. Nimeona sehemu moja, sitaitaja, jukwaa liko jipya kabisa lina rangi na maua na pembeni mbao imefunguka unaingiza vidole, na wageni wako juu wanakula kuku.

Mti mrefu uliosimama peke yake shambani ni wa radi, weka kipitisha radi, na wageni washuke dhoruba ikija, hapo wewe huna simba wa kuwazuia. Choo cha juu kinataka bomba la chini na shimo liwe mbali na mizizi na mbali na kisima. Fanya hesabu ya choo kabla ya hesabu ya mninga, wengi wanajenga chumba kizuri halafu wanamuwekea mgeni choo cha shimo mita hamsini, usiku, mvua, na ngazi imelowa.

Karatasi: anza halmashauri kwa kibali cha ujenzi, nenda Wizara ya Maliasili na Utalii kwa leseni ya biashara ya utalii, wanaita TALA, na uwaulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira ya kiwango gani. Fanya hayo kabla hujaweka picha Instagramu maana maafisa nao wana simu.

Na usiku wako uupange, maana huna tembo. Una popo kwenye mbuyu ukitoa maua, maua yale yanafunguka jioni na yananyauka kesho yake, una komba, una bundi. Zima taa za nje, usiweke spika, mtafute kijana wa hapo kijijini anayeijua hiyo milio umlipe vizuri akae na wageni saa moja baada ya chakula. Watu wa Dar watalipa kwa hilo. Mziki wanao kwao.